Kinanda Kilichopanda Kinyinya

Siku ya kuposwa kwangu nilifungiwa chumbani, na nilikuwa na hasira. Kwetu Rwanda, siku ya gusaba, msichana anayeposwa hukaa ndani na umushanana wake, vazi la sherehe lenye kitambaa begani, macho chini, akingoja kuitwa. Nje uani wanaume wa pande mbili wanaketi wakitazamana na kubishana kama atatolewa au hatatolewa. Yeye haruhusiwi kuonekana, wala kusema neno lolote. Hebu fikiria. Mimi Kirezi, ambaye shangazi zangu husema nilizaliwa nikiwa tayari na jibu mdomoni, niliwekwa kitandani kama mto uliofumwa, na shangazi Nyiransabimana akapewa kiti mlangoni anilinde.

Hasira yangu haikuwa ya bure. Asubuhi ile, kabla wageni hawajafika, nilimsikia baba akizungumza na baba mdogo Ndayisaba chini ya dirisha langu. Ndayisaba ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu, kwa sababu ulimi wake hauna breki.

"Ukishawachosha na maneno," baba alisema, "mwisho kabisa, kabla hujawapa jibu, waambie sharti langu. Kijana aache hicho kinanda. Aje ofisini kwangu Nyabugogo, aangalie mizigo inayoingia na kutoka."

"Akikataa?"

"Hatakataa. Huoni anavyomtazama mtoto?"

Hapo ndipo baba aliponimaliza, maana alisema kweli. Conrad asingekataa. Angesimama mbele ya watu wote, angesema "ndiyo, mzee" kwa kunipenda, na mimi ningekabidhiwa mume aliyeacha mikono yake njiani. Yeye hakujua chochote, na mimi nilikuwa sina namna ya kumwonya. Niliomba maji ya kunywa ili nitoke kidogo. Shangazi akaniletea mtungi mzima chumbani.

Nikwambie kuhusu Conrad. Alikulia Bukavu, upande wa pili wa ziwa, na huko mapadri walimfundisha piano kwa nyimbo za watunzi wa kale wa Ulaya, zile za kukaa wima na kuhesabu kimoyomoyo. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na redio, na redio ile ilipenda jazi. Ndiyo maana hadi leo akipiga, mkono wake wa kulia unakwenda misa na wa kushoto unabaki baa. Wakati ule alikuwa akifundisha wanakwaya katika ukumbi wa parokia moja Muhima, na mimi niliuza vipuri vya baiskeli kwenye duka lililotazamana na ukumbi huo. Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nampimia mteja mnyororo, nikasikia wimbo wa kanisani ukianza kwa adabu zake zote, halafu ghafla ukakunja suruali na kuingia mtoni. Nilicheka peke yangu. Mteja akadhani namcheka yeye, akaenda kununua kwa jirani.

Baadaye akanitungia sonata. Yangu mwenyewe, kwa jina langu. Inaanza polepole, na kila mstari wa wimbo wake unarudi kutua kwenye noti moja, ile ile, kama mtu anayetoka nyumbani akirudi jioni kwenye kizingiti chake. "Hiyo noti ni wewe," aliniambia, nami nikamwambia aache maneno ya sinema, lakini usiku ule sikulala kwa furaha. Niliisikiliza mara nyingi mno nikiwa nimekaa kwenye benchi la ukumbi hadi nikaijua kama ninavyoijua njia ya kwetu.

Baba hakuwahi kuisikia. Baba alikuwa mtu wa malori. Alianza kama dereva wa safari za Dar, akapata lori lake, akaongeza jingine, na kwake kazi ilikuwa kitu kinachopakiwa hapa na kushushwa kule. "Mzigo ni mzigo," ndilo neno lake. Ubebe saruji, ubebe sabuni, yeye aliendesha vile vile, mguu mzito, honi juu, na alipoteremka mlima wetu wa Kinyinya kuku wote walijua wenyewe wapi pa kukimbilia. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia siku moja atateremka na roho za watu, naye alijibu kwa honi.

Basi wageni wakafika. Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na mbili, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye majani ya migomba. Kaskazini kulikuwa na vita, na watu wengi mjini walikuwa wamepunguza sherehe zao. Baba alikataa kupunguza. Alisema kama kuna siku ya kula ng'ombe ni hii.

Msemaji wa upande wa Conrad alikuwa Twahiru, fundi cherehani Mwislamu wa mjini, rafiki wa marehemu baba yake. Kwa kuwa nusu ya ukoo wa Conrad walikuwa wamevuka kutoka Bukavu, na baba yangu amekula chumvi nyingi barabara ya Dar, mazungumzo yalikwenda kwa Kinyarwanda na Kiswahili vikiwa vimechanganywa kama maharage na ndizi. Wenzake uani wakipewa pombe ya mtama, Twahiru alipewa Fanta, na nilivyosikia kupitia pazia, ile Fanta ilimzidishia kasi.

Ndayisaba akaanza na yale ya kawaida. Kwamba hapa hakuna msichana. Kwamba yupo lakini ameposwa na mwingine. Kwamba yupo lakini hajui kupika. Twahiru akajibu kila moja, watu wakacheka, nami ndani nikahesabu kimoyomoyo jinsi tulivyokuwa tunakaribia lile sharti la mwisho. Shangazi akanipiga kofi gotini kwa kuwa nilikuwa nikitingisha mguu.

Kisha Ndayisaba akabadili sauti.

"Bakwe zetu," alisema, maana ndivyo tunavyowaita wakwe, "kijana wenu tumemwona, ana viatu vizuri. Lakini tunauliza kazi. Mwenye jembe, tunaona alicholima. Mwenye lori, tunaona alichobeba. Huyu tunasikia anapigapiga sanduku lenye meno. Iko wapi hiyo kazi? Mbona amekuja mikono mitupu?"

Watu walicheka sana, wa kwetu kuliko wa kwao. Nikaelewa anakotaka kufika. Alikuwa anatandika njia ya baba: akishaonyesha kwamba kazi ya Conrad ni kitu kisichoonekana, sharti la ofisi litaingia lenyewe.

"Kazi isiyoweza kupanda mlima huu," aliendelea, akinogewa, "si kazi ya kulisha mtoto wetu. Ileteni hapa, tuione ikifanya kazi mbele yetu. Ikifanya, msichana ni wenu, sina neno tena."

Hapo ndipo alipokosea. Kwenye gusaba unaweza kusema uongo wote unaotaka, na watu watakupigia makofi. Lakini sharti ulilolitamka mbele ya bakwe hulifuti. Wakilipokea, limekufunga wewe na ukoo wako, na ukijaribu kugeuka utachekwa hadi na wajukuu. Ndayisaba alijua hivyo. Alijua pia kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepandisha piano Kinyinya.

Nikasikia chupa ya Fanta ikiwekwa chini.

"Mzee," Twahiru alisema kwa ule Kiswahili chake cha mjini, "sisi tunakubali. Hiyo maneno iko sawa kabisa. Shida iko moja tu. Sisi tulikuja na taksi, na piano haiingie mu taksi. Lakini naona hapo chini iko lori moja mzuri sana. Tunaomba bakwe watuazime."

Lori lile lilikuwa la baba.

Baba alikohoa. Kwa desturi baba wa msichana hasemi siku hiyo, anasemewa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi. Ndayisaba akakaa kimya, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Angesema nini? Mgeni aliyekuja kuomba binti, ukimnyima hata gari, umemfukuza.

"Cassien," hatimaye baba aliita kwa sauti ndogo. Cassien ni binamu yangu, dereva wa pili wa baba. "Chukua ufunguo."

Nikaruka kutoka kitandani. Shangazi akanishika kiuno akanirudisha, lakini nilimwona anajizuia kucheka.

Walikwenda. Conrad alikwenda nao, na vijana wa pande zote mbili, wengine wakiwa na suti, wamening'inia nyuma ya lori. Waliobaki walikula brosheti, ile mishikaki yetu, wakasimuliana habari za ng'ombe. Mimi nilikula kucha. Sala zangu zilikuwa fupi: waukute ukumbi uko wazi, padri awe na moyo mwepesi, tairi lisipasuke.

Tukasikia honi toka mbali, kule chini barabara inapoacha kuwa barabara. Kisha injini ikipanda, ikilia, ikikata gia kwa vishindo, na katikati ya vishindo hivyo sauti nyingine, kama sahani za kabati zima zikitikiswa. Cassien alikuwa amefundishwa kazi na baba yangu. Mzigo ni mzigo. Kila shimo lililokuwa njiani aliliingia.

Sijapata kusikia kelele kama zile za kuishusha. "Shikilia! Si hapo! Wewe wa Bukavu, inua!" Watu ambao saa chache zilizopita walikuwa wakikanana sasa walikuwa wamekumbatia sanduku moja, jasho likitiririka, wakiitana majina. Waliisimamisha katikati ya uani, chini ya turubai, mbele ya kiti cha baba. Nikachungulia kwenye tundu la pazia. Ilikuwa ni yenyewe, ile ya kahawia, imejaa vumbi jekundu.

Conrad alivua koti. Akaifuta kwa leso, akaketi kwenye kreti la bia, akaanza kuzipima noti moja baada ya nyingine toka chini kwenda juu. Nyingine zilikuwa zimelegea kidogo, zina sauti ya kulewa. Akaendelea kupanda. Kisha akabonyeza moja, ikatoa mlio wa ubao tu. Tk. Akabonyeza tena. Tk.

Ilikuwa ile noti. Yangu.

Wimbo wote unarudi pale, kila mstari. Angeupigaje wimbo usio na kizingiti? Conrad aliangalia vidole vyake kwa muda mrefu. Ndayisaba akapata nguvu.

"Vipi, fundi? Jembe limevunjika mpini?"

"Linalima hivyo hivyo," Conrad alijibu.

Akaanza. Wimbo wangu ukatoka polepole, safi, ukatembea hadi mwisho wa mstari wa kwanza, na mahali pa kutua pakawa na shimo. Tk. Mstari wa pili. Tk. Nikasikia mtu anacheka chini chini. Mtoto akauliza kwa Kinyarwanda kwa nini kinakohoa, akanyamazishwa. Conrad hakupiga kitu kingine, wala hakuzunguka kwa noti ya jirani, ingawa angeweza. Mtu mkaidi yule. Alikuwa anaacha nafasi yangu wazi mbele ya watu wote, na nafasi ile ilikuwa inamwangusha.

Mstari wa tatu ukaanza. Nilijua hasa pale utakapofika. Sikuruhusiwa kuonekana, na sikuonekana. Sikuruhusiwa kusema neno, na sikusema. Ulipofika kwenye shimo nikapiga kofi.

Moja tu, kwa viganja vya mviringo, kama tunavyowapigia wacheza ngoma.

"Kirezi!" shangazi alinong'ona, akanikamata mkono.

Nje, piano ilisita kidogo sana. Ni mimi peke yangu duniani niliyeijua nafasi ile, na yeye alijua hivyo. Nikamwona kupitia tundu akiinua kichwa, akatazama dirisha langu, na uso wake wote ukafunguka. Halafu mkono wa kushoto ukaingia.

Ee Mungu wangu, ule mkono wa kushoto! Uliingia kwa kuchechemea, ukijivuta nyuma ya mdundo kisha ukiuwahi, na mkono wa kulia ukaendelea na misa yake kana kwamba haujui ni nani aliyeketi karibu yake. Mstari ukafika tena kwenye shimo. Nikavuta mkono wangu kwa shangazi nikapiga kofi. Mstari mwingine, na nilipopiga nikasikia kofi la pili kando yangu. Nikageuka. Shangazi Nyiransabimana, mlinzi wangu, alikuwa amefumba macho.

Baada ya hapo lilikuwa jambo la uani mzima. Wanawake walioketi nyuma karibu na masufuria walilichukua kofi lile, kisha vijana, kisha wale wa Bukavu, kila mmoja akilitia pale pale palipokuwa pamekufa. Hakuna aliyewafundisha. Mikono yetu imelelewa kwa kupiga makofi ya ngoma, inajua palipo wazi. Conrad aliposikia hivyo alianza kuwachezea: anauchelewesha wimbo, wao wanangoja mikono hewani, anautua ghafla, pa! wanacheka na kupiga vigelegele. Sonata yake ilikuwa haijawahi kupigwa vile Muhima wala popote. Nililia, na wanja wangu ukaharibika, na sikujali.

"Msichana amesema!" Ndayisaba alipaza sauti juu ya makofi. "Amevunja mila!"

"Amesema nini?" Twahiru aliuliza. "Nani hapa amesikia neno? Mimi sikusikie neno."

Kicheko kilichotoka hapo kilimkalisha Ndayisaba kwenye kiti chake, na kiti hicho kilikuwa chini ya dirisha langu, bega kwa bega na baba. Ndiyo maana nilisikia yaliyofuata. Aliinama sikioni mwa baba.

"Kaka, basi nilitoe sasa? Lile sharti?"

Nilimwona baba kisogo tu, na fimbo yake kati ya magoti. Fimbo ile ilikuwa inagonga ardhi. Ilikuwa inagonga kwenye shimo, pamoja na wote, na kwa kweli ilikuwa inagonga vizuri kuliko Ndayisaba.

"Sharti gani?" baba alisema.

"Lile la asubuhi. La ofisi."

"Nyamaza," baba alisema, "nasikiliza."

Nikamkumbatia shangazi kwa nguvu hadi akalalamika nitamkunjia nguo.

Wimbo ulipokwisha Twahiru alisimama, akakohoa kidogo kama mtu mwenye adabu, akauliza kama kazi imeonekana. Ndayisaba alimtazama baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Na Ndayisaba, sifa zake nazo nizitaje, akiwa ameshindwa hushindwa kwa mbwembwe: alieleza kwa maneno marefu kwamba tangu mwanzo yeye ndiye aliyekuwa na wazo la kukileta kinanda, kwamba bakwe wamshukuru, na kwamba msichana ni wao. Kisha nikaitwa. Nilitoka na wanja umenichuruzika hadi shavuni, macho chini kama inavyotakiwa, lakini nilipopita karibu na piano niliibonyeza ile noti kwa kidole kimoja. Tk. Conrad akauma mdomo asicheke.

Jua lilipoinama wageni walianza kuaga, na piano ikapakiwa tena, kwa kelele zile zile na pombe zaidi. Mimi kwa mila nilibaki nyumbani hadi siku ya harusi. Nilisimama kwenye ua kuwaangalia. Cassien alikuwa ameshapanda kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Teremka," baba akamwambia.

Baba mwenyewe akapanda, na suti yake, na fimbo yake. Conrad alikuwa nyuma ya lori pamoja na piano, amekaa juu ya kreti, mgongo umeegemea magunia waliyoikinga nayo. Honi haikulia. Kuku walikusanyika kando ya njia wakasubiri zile fujo wanazozijua, wakasubiri bure.

Lori lilianza kuteremka mlima wa Kinyinya, na nyuma yake wimbo wangu ukaanza. Nilisimama nikiusikiliza ukishuka, ukipotea kwenye kona, ukirudi. Mlima mzima ulikuwa unapiga kofi kwenye lile shimo, kutoka nyumba hadi nyumba. Na kila palipokuwa na shimo barabarani nilimsikia baba yangu, ambaye kwake mzigo ni mzigo, akikaribia kulisimamisha lori kabisa, akibadilisha gia polepole, polepole, akingoja mstari ufike mwisho ndipo aingie.